Kupona na Kurudi

Mtu akitoka katika ugonjwa tunasema amepona. Jamaa hushukuru, majirani humpa mkono, na kazi alizoziacha humngoja mlangoni. Kwa miaka mingi niliamini kuwa neno hilo linatosha. Dada yangu ndiye aliyenifundisha kuwa halitoshi, nami mafundisho yake niliyalipa kwa dhuluma. Naiandika dhuluma hiyo hapa kwa sababu nadhani si mimi peke yangu niliyeitenda.

Dada anakaa Ngamiani, katika mji wa Tanga. Kwa miaka kumi na minane alikuwa kijumbe wa mchezo wa upatu wa wanawake ishirini na wanne. Kijumbe ni mtu wa amana: hukusanya fedha, hukumbuka zamu, na humkabidhi kila mmoja haki yake kwa siku yake. Dada hakuwa na daftari. Wenzake walizoea kusema kwamba daftari huliwa na mchwa, lakini kichwa cha kijumbe wao hakiliwi na kitu.

Kisha akashikwa na saratani ya matiti. Alipasuliwa, akatiwa dawa kali za mishipani kwa miezi kadhaa, akavumilia. Nywele zilianguka zikaota tena. Mwili ulikonda ukanawiri tena. Daktari aliposema kuwa haoni dalili ya ugonjwa iliyobaki, tulisoma maulidi, tukala pilau, na dada akarudishiwa upatu wake siku ile ile kama mtu arudishiwavyo ufunguo wa nyumba yake.

Haukupita muda akampa mwanamke mmoja zamu ya mwingine. Mwezi uliofuata alimdai mchango mtu aliyekwisha lipa. Mwezi wa tatu fedha za mzunguko mzima hazikuonekana. Minong'ono ilianza uani, ikatoka barazani, ikanifikia mimi nduguye. Nilikwenda kwake na uso wa hakimu.

"Dada," nilisema, "fedha za watu ziko wapi?"

"Mdogo wangu, sijui," alijibu. "Nazishika mkononi, naanza kuhesabu, mtu akinisalimu tu hesabu inaruka kama ndege. Naingia chumbani nikiwa na haja, nikifika haja imenitoka. Kichwa hiki si kile nilichokwenda nacho hospitali."

Nilimjibu neno ambalo hata leo ningependa kulimeza: "Ugonjwa umekwisha, Dada. Usiufanye mwavuli."

Hakubisha. Aliuza kidani chake cha dhahabu, akalipa, akajiuzulu. Wiki mbili baadaye fedha zilipatikana chini ya kasha, zimefungwa ndani ya kanga, mahali alipozificha mwenyewe ili zisipotee. Walakini kidani kilikuwa kimekwenda, na jina jema lilikuwa limekwenda pamoja nacho.

Binti yake, ambaye anasomea uuguzi, alikuja likizo akasikia habari yote. Aliniambia kwa adabu, lakini bila ya kuniangalia, "Mjomba, ulimwuliza mama habari ya fedha. Hukumwuliza habari yake." Kisha akanieleza mambo ambayo nilipaswa kuyajua kabla ya kuhukumu.

Kwanza, malalamiko ya dada si ya dada peke yake. Mwaka 1980 huko Marekani, tabibu Peter Silberfarb na wenzake walichapisha uchunguzi uliotaja kupungua kwa nguvu za akili miongoni mwa wagonjwa wa saratani waliotiwa dawa. Tangu hapo watafiti wengi wameifuata njia hiyo, na wauguzi wamo miongoni mwao. Hili si ajabu. Daktari humtazama mgonjwa ili aone kama uvimbe upo au haupo. Muuguzi hukaa naye, humsikia akiuliza swali lile lile mara mbili, humwona akipotewa na neno alilokuwa nalo ulimini.

Mmoja wa wauguzi hao ni Bernadine Cimprich wa Chuo Kikuu cha Michigan. Alichunguza nguvu ya kuelekeza fikira, yaani uwezo wa kushika jambo moja na kuyafungia mlango mengine. Nguvu hiyo huchoka kama mkono uchokavyo kwa kutwanga, na mgonjwa wa saratani huitumia mno: hushika maelezo mageni, hukata mashauri mazito, huzuia hofu isimwagike mbele ya watoto. Kwa sababu hiyo upungufu umeonekana kwa baadhi ya wanawake hata kabla ya tiba kuanza. Si dawa peke yake zinazoshitakiwa. Uchovu, hofu na usingizi wa mang'amung'amu wamo kizimbani pamoja nazo.

Mpwa wangu alinionyesha mojawapo ya vipimo vyake. Alinitajia tarakimu chache, akanitaka nizirudishe kinyumenyume. Nilipofika ya tano nilitoka jasho, nami sijapata kuugua kwa miaka ishirini.

Pili, alinieleza kuwa iko hojaji, iitwayo FACT-Cog, ambayo mgonjwa hujibu mwenyewe juu ya akili yake. Ina sehemu nne. Ya kwanza huuliza taabu anazoziona, ya pili uwezo aliobaki nao, ya tatu jinsi taabu hizo zinavyougusa ubora wa maisha yake. Sehemu ya nne huuliza watu wengine wamemwambia nini. Niliposikia hayo nilinyamaza. Watu waliokaa mbali, wasionijua mimi wala Ngamiani, walikuwa wamekwisha tambua kuwa maneno ya jamaa yana mahali katika hesabu ya maumivu. Mwavuli wangu ulikuwamo katika sehemu ile.

Je, iko dawa? Yako majaribio yenye matumaini. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003, Cimprich na mwenzake waliwafuata wanawake 157 waliogunduliwa saratani ya matiti, wakawagawa makundi mawili. Kundi moja lilitakiwa kutumia dakika 120 kila wiki mbele ya maumbile: bustani, miti, maji, ndege. Baada ya upasuaji kundi hilo lilirudiwa na nguvu ya fikira kuliko lile jingine. Mwaka 2012 mtafiti muuguzi Diane Von Ah na wenzake, katika jimbo la Indiana, walitoa habari za wanawake 82 waliokwisha tibiwa. Waliofundishwa mbinu za kukumbuka kwa masomo kumi ya saa moja moja walionekana wamepata nafuu ya kumbukumbu miezi miwili baada ya masomo. Haya si miujiza, na idadi ya watu si kubwa. Lakini yanatosha kumwondolea mtu aibu ya kudhani kuwa amekuwa mpumbavu.

Florence Nightingale, katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859, aliandika juu ya adha ya mgonjwa kutazama kuta zile zile daima na furaha aipatayo kwa kuona maua. Waliokuja baadaye wamepima kwa tarakimu jambo ambalo yeye aliliona kwa macho.

Siku hizi jioni humchukua dada mpaka Raskazone, tukakaa chini ya mti tukitazama bahari. Mara ya kwanza nilimwomba radhi. Alicheka akasema, "Mdogo wangu, katika yote niliyoyasahau, hilo sikulisahau. Lakini nimekusamehe." Niliwaendea wale wanawake mmoja mmoja, nikawaeleza. Sita hawakunisadiki. Kumi na wanane walimrudia, naye akakubali kwa sharti mbili: liwepo daftari, na awepo mwenzake wa kuhesabu pamoja naye. Bado husahau. Jana aliniita kwa jina la marehemu baba yetu.

Kwa hiyo, msomaji, ukimwona mtu aliyetoka katika saratani, mpe mkono na umshukuru Mungu pamoja naye. Kisha umwulize kama amekwisha rudi, na ikiwa bado yuko njiani, punguza mwendo wako umngoje.