Reli ilipita chini, Old Moshi ikawa "Old"

UKITAKA kumchokoza mtu wa Old Moshi, mwulize swali moja tu: kwa nini kwenu kunaitwa "Old" wakati migomba yenu mibichi kuliko ya kila mtu? Atakutazama juu hadi chini, atacheka kidogo, halafu atakuambia kaa. Ukiambiwa kaa na Mchagga ujue jibu ni refu, na huenda likahitaji kata ya mbege.

Mimi nakupa jibu la mkato, msomaji wangu. Old Moshi ni "Old" kwa sababu ya reli. Reli haikuibomoa wala haikuichoma moto. Ilipita chini yake tu, ikaenda zake, na mji ukaifuata. Ndiyo maana ukipanda huko na kuanzisha hadithi ya gari la kamba la Mlima Kilimanjaro, utasikia maneno ambayo huwezi kuyasikia kwenye mahoteli ya mjini.

Lakini kwanza twende tukatembee. Hadithi ya mlima husimuliwa mtu akiwa anapanda.

KIBORILONI MPAKA KIDIA

Safari inaanzia Kiboriloni, nje kidogo ya mji wa Moshi, kwenye barabara iendayo Himo. Soko la Kiboriloni halihitaji tangazo. Mitumba kibao, ndizi kibao, na akina mama wenye ulimi mkali kuliko kisu cha kumenyea. Ukishusha bei kupita kiasi unaulizwa, "Baba, umekuja kununua au kuomba?" Hapo huna ujanja, unatoa hela.

Kutoka hapo unaiacha barabara kubwa na kushika ile inayopanda: Kikarara, Tsuduni, hadi Kidia. Usafiri ni gari dogo lenye abiria wengi kuliko viti, au bodaboda kama moyo wako una bima. Kama una miguu na huna haraka, panda kwa miguu. Utasalimia watu wengi na utafika umechoka, lakini utakuwa umeona.

Dakika chache tu na hewa inabadilika. Joto la mjini linabaki nyuma kama jamaa uliyemkopa. Vihamba vinaanza, kimoja kimeshikana na kingine: mgomba juu, kahawa chini yake, magimbi chini kabisa, na pembeni mfongo unapitisha maji taratibu kama bibi anayekwenda kanisani. Mifongo hiyo ni kazi ya mababu. Waliichimba kwa mikono, wakayafuata maumbile ya mlima ili maji yatoke korongoni yafike kila kihamba, na hakuna mhandisi wa Ulaya aliyekuja kuwapimia. Ukigeuka nyuma unauona uwanda wote umetandazwa kama mkeka, na mji wa Moshi umekaa katikati, mabati yanameta.

Usifike Tsuduni ukapita kama unafukuzwa. Hapo upo mti ambao chini yake hata vijana wa kelele hupunguza sauti. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Moshi, pamoja na viongozi wengine wa huku kaskazini. Inaaminika kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta miaka nenda rudi. Baba yake, Mangi Rindi, ambaye wazungu walimwita Mandara, alikuwa mtu wa kujulikana. Katika miaka ya 1880 misafara kutoka pwani, wavumbuzi na wamisionari walipanda hadi kwake. Mwaka 1892 Meli aliwapiga Wajerumani wakakimbia. Mwaka 1893 wakarudi na jeshi kubwa wakamshinda, wakakaa.

Kwa hiyo weka akilini hili: siku zile mtu akisema "Moshi" alikuwa anamaanisha huku juu. Mangi alikuwa huku, Mjerumani alikuwa huku, misioni ya Walutheri wa Leipzig ikaja huku. Kule chini kwenye joto hakuna aliyekuwa na haja nako.

GARIMOSHI LAFIKA, MOSHI YAHAMA

Mwaka uleule wa 1893, Meli aliposhindwa, kule Tanga walianza kulaza reli. Haikuwa kazi ya mbio. Mwaka 1902 ilikuwa ndiyo kwanza imefika Korogwe. Ilifika Moshi mwaka 1911, miaka 18 tangu kuanza, kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 350.

Sasa sikiliza kilichotokea. Garimoshi ni mnyama wa tambarare. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma linakwenda vizuri mahali palipo sawa, lakini ukilipandisha mteremko mkali linateleza. Ubavu wa Old Moshi ni mkali. Kwa hiyo hakuna aliyejisumbua kupandisha reli. Kituo kikajengwa chini uwandani, na pale penye kituo pakaitwa Moshi Mpya. Ya juu ikabandikwa jina la Moshi ya Zamani. Mwingereza alipokuja naye akatafsiri kwa lugha yake, na jina likaganda mpaka leo. Yaani garimoshi lilifika Moshi kwa kuifanya Moshi isiwe Moshi tena.

Maduka yakaenda kituoni. Maghala yakaenda kituoni. Baadaye ofisi za serikali nazo zikashuka. Kahawa ilipopamba moto, wakulima wa mlimani wakaanzisha umoja wao mwaka 1925, ambao baadaye ukazaa KNCU, ushirika unaojulikana nchi nzima. Lakini kahawa yenyewe ilibidi ishuke kwanza. Na ilishuka juu ya nini? Juu ya vichwa vya watu na migongo ya punda. Reli ilifupisha njia ya kutoka kituoni mpaka Ulaya. Njia ya kutoka kihambani mpaka kituoni ilibaki na urefu wake uleule.

Kuna kundi jingine lililopoteza: wapagazi wa misafara. Kabla ya reli, kila mzigo uliotoka pwani kuja mlimani ulikuja juu ya kichwa cha mtu. Treni moja ilibeba mizigo ya mamia ya watu hao, tena bila kula ugali. Hakuna aliyewaita mkutanoni kuwauliza.

Na reli nayo usidhani ni ya milele. Unguja walikuwa na treni yao ya mtaani kuanzia 1905, kutoka mjini kwenda Bububu, maili 7 hivi, ikipenya katikati ya nyumba karibu kabisa na vibaraza vya watu. Magari yakaja, abiria wakahama, na miaka ya 1920 ilipokwisha treni hiyo nayo ilikuwa imekwisha. Hata hii ya Moshi ilinyang'anywa abiria na mabasi. Watu walikaa zaidi ya miaka 20 bila kupanda treni mpaka iliporudi Desemba 2019, na ikawa sherehe ya kupigana vikumbo. Mbao za madirishani zilivyojaa vichwa, ungedhani ni harusi ya kijiji kizima.

KASHESHE YA GARI LA KAMBA

Mwaka huohuo wa 2019 ndipo lilipozuka jambo la gari la kamba, kile kibanda cha abiria kinachoning'inia kwenye waya na kuvutwa na mashine kutoka mnara hadi mnara. Hicho hakijali mteremko. Kisichowezekana kwa reli mwaka 1911 kinawezekana kwa waya. Aliyekuwa Naibu Waziri wa Maliasili na Utalii, Constantine Kanyasu, alieleza kwamba serikali inachunguza uwezekano wa kuweka usafiri huo mlimani ili kuongeza watalii. Upande uliotajwa ni Machame. Hoja ilikuwa kwamba wapo wazee, walemavu na watu wenye siku chache ambao wangependa kuuona mlima na hawawezi kutembea siku tano hadi nane.

Kasheshe ikaanza. Mwenyekiti wa chama cha wapagazi, Loishiye Mollel, akasema wapo wapagazi kama 20,000 ambao mkate wao uko hatarini, maana mgeni mmoja anaweza kupanda akiwa na msururu wa watu hadi 15 nyuma yake. Mwaka 2022 mjadala ukawaka tena, na wenye makampuni ya utalii wakaja juu. Wengine wakataja ndege wanaopita anga hiyo, wengine wakataja ugonjwa wa mwinuko: mtu akipandishwa haraka mno mwili haupati muda wa kuzoea hewa nyepesi. Wengine wakasema wazi kwamba mgeni wa siku moja haachi hela kama mgeni wa wiki.

Mpaka naandika haya hakuna mnara uliosimama. Ila maneno bado yamesimama, hasa ukikaa na vijana wa vijiji hivi, maana wengi wao ni wagumu. Ndivyo wapagazi wa mlimani wanavyojiita, na wana haki. Kisheria mzigo ni kilo 20, unapandishwa kwenye baridi, halafu mgumu huyohuyo anatakiwa amtangulie mgeni ili akute hema limesimama na chai imeiva. Kwa kijana wa Old Moshi aliyemaliza shule na kihamba kimekwisha gawanywa kwa kaka zake, mlima ndiyo ajira. Ukimwambia waya utambebea mzigo, anasikia waya utambebea na mshiko.

Wazee wao wanasikia kitu kingine. Wanauliza kituo kitakuwa wapi. Huo si uzee, hiyo ni kumbukumbu. Wanajua kwamba mtu anayechora mstari wa usafiri ndiye anayeamua duka liwe wapi, kiwanja kipande bei wapi na kijiji gani kiitwe cha zamani. Waya ukipita Machame, hata mlango wa Marangu wenye sifa zote hizo utaanza kukuna kichwa.

Halafu wapo akina mama wa ndizi. Hawa hakuna aliyewauliza hata kwa bahati mbaya. Alfajiri utawakuta barabarani wameshika njia ya Kiboriloni, mkungu kichwani, mwingine kwenye bodaboda, na matope ya masika hayana huruma kwa ndizi wala kwa mama. Ukiwaambia kuna gari la kwenda juu bila kugusa ardhi, wanataka kujua kama linabeba ndizi kurudi chini.

Usicheke. Swali hilo lina majibu duniani. Cape Town wana gari la kamba tangu mwaka 1929, linawapandisha wageni Table Mountain wakapige picha, na hilo ndilo letu linalozungumzwa. Lakini kule Bolivia, kati ya La Paz na El Alto, mwaka 2014 walifungua magari ya kamba ya mtaani kabisa. El Alto iko juu karibu mita 4,000, La Paz iko bondeni, na barabara za kupanda zilikuwa na foleni za kukatisha tamaa. Leo mfanyakazi, mwanafunzi na mama wa sokoni wanakaa kibanda kimoja, kila mtu na kifurushi chake. Waya ni uleule. Tofauti ni nani aliyefikiriwa walipokuwa wanachora.

Msimamo wangu? Sina ugomvi na waya. Mama mwenye umri wa bibi yangu akitaka kuuona mlima aliozaliwa chini yake, ana haki ya kuuona kwa karibu kabla hajafa, na miguu yake haitampeleka. Ila nasema mambo matatu. Kwanza, wagumu waitwe mezani kabla ya mkataba, si baada ya minara kusimama, na waambiwe kazi gani inakuja badala ya ile inayoondoka. Pili, mwenye kijiji ajue kituo kiko wapi na ushuru wake unaingia mfuko gani. Tatu, kabla ya kumpandisha mgeni kwa waya, hebu mama wa ndizi ashuke salama kwa barabara. Kati ya Kidia na Kiboriloni hapahitaji teknolojia ya Bolivia. Panahitaji njia nzuri mvua zote na gari la kutosha mikungu.

UKIENDA

Nenda kati ya Juni na Oktoba, ukame unaposaidia miguu yako. Ondoka mapema, maana mlima hujifunika mawingu kabla hujamaliza chai, na ukichelewa utaambiwa tu "uko hapo nyuma". Vaa viatu vyenye meno. Kwenye mti wa Mangi Meli vua kofia. Mzee akikukaribisha mbege, usinywe kama soda. Inaingia kwa upole na kutoka kwa fujo. Na shikamoo usizibanie, huku wanazihesabu.

Ukishuka, ukifika mjini, pita pale stesheni ya reli utazame jengo na njia za chuma zinazoelekea Tanga. Halafu inua macho juu kwenye kijani ulikotoka. Mstari wa inchi chache tu kwenye ramani ya Mjerumani ndio ulioamua kwamba taa za mji ziwake hapo uliposimama na kule juu pabaki na jina la kizee. Sasa kuna watu wana ramani nyingine mkononi.

Haya, tukutane wiki ijayo.