Maandalizi ya Kuwinda Pofu: Kutoka Kilosa Mpaka Mikumi

Katika nchi za Kaskazini, yaani Alaska na Kanada, yuko mnyama ambaye jina lake hutamkwa kama neno tumwambialo mgeni mlangoni: karibu. Watu wa huko humwinda kwa ajili ya chakula cha majira ya baridi, na yule aendaye mara ya kwanza hujiandaa miezi mingi. Kwetu hayuko, lakini yuko pofu, nao wawili wamefanana kwa mambo ya ajabu. Kwa wote wawili, dume na jike huwa na pembe. Tena wote wawili hulia watembeapo, si kwa kinywa bali kwa miguu: kano huteleza juu ya mfupa ikatoa mlio kama wa kijiti kivunjwacho. Kwa pofu dume mlio huo hutoka katika magoti ya mbele, nao husikika mbali.

Basi sisi, watu wanne wa Kilosa, tulikusudia kumwinda pofu kwa mara ya kwanza, kwa bunduki halali na kwa kibali. Tulikwenda kwanza kwa mzee mmoja wa Kisagara, mwindaji wa siku nyingi. Tulipokwisha kumwamkia shikamoo, tulimweleza habari za bunduki, risasi, na hema. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

“Wanangu, mmekwisha kuhesabu wachukuzi?”

“Bado, mzee.”

“Basi hamjaanza.”

Akatufanyia hesabu mavumbini kwa fimbo. Dume la pofu huweza kupita kilo 700. Tuseme ni la kilo 600, na nusu yake ni nyama ya kuliwa: ni kilo 300. Mtu mmoja akichukua kilo 20 porini, watahitajiwa watu 15. Sisi tulikuwa wanne. Na jua la Mkata halimngoji mtu. Nyama ya asubuhi isipopasuliwa na kutiwa chumvi au kukaushwa, jioni haifai. Jambo hili wengi hulisahau, wakafikiri kuwinda ni kulenga tu.

Shauri lake la pili lilikuwa twende Mikumi bila bunduki. Tulishangaa, maana Mikumi ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1964, na ndani ya kilomita zake za mraba 3,230 hapigwi hata njiwa. “Ndiyo sababu,” akasema. “Huko mtajifunza kumtazama.”

Tukashika njia ya Ulaya. Msomaji asidhani tulivuka bahari. Ulaya ni kijiji kati ya Kilosa na Mikumi, na watu wake wamekwisha kuchoka na mzaha huu. Pale Mikumi barabara kuu iendayo Iringa na Zambia hukata hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na dereva amgongaye mnyama hutozwa faini kwa kadiri ya aina ya mnyama. Tulilipa kiingilio, tukakaa siku mbili katika uwanda wa Mkata. Nyumbu, pundamilia na nyati walituacha tukaribie. Pofu hakukubali. Kundi moja lilituona tukiwa mbali sana, likaondoka kwa mwendo wa taratibu, nao wanyama wazito hivyo wakaruka juu kama mbuzi. Hapo tulifahamu kwa nini watu hurudi mikono mitupu. Tukajizoeza kupima umbali kwa macho, kumtambua dume mzee kwa ngozi iningʼiniayo shingoni na nywele nyeusi za paji la uso, na kumtenga jike afuatwaye na ndama, kwa kuwa sheria yakataza kumpiga huyo.

Habari za sheria yafaa tuzieleze vema, kwani zimevunja nyumba nyingi. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 yataka kila mwindaji awe na kibali, na kibali hutaja aina ya mnyama, idadi yake, na mahali. Kibali cha swala hakimfai pofu. Mtu akutwaye na nyamapori pasipo hati huweza kufungwa miaka 20 na zaidi, hata kama hakupiga yeye, bali alinunua usiku mlangoni kwake. Watoto wa mtu kama huyo hukua bila baba kwa ajili ya kitoweo cha siku tatu. Mamlaka ya wanyamapori ndiyo itoayo vibali, na huko ndiko pa kuulizia mpaka wa hifadhi, maana msituni hakuna ukuta.

Kuhusu majira, shauri ni moja: kiangazi, kuanzia Julai, nyasi zikikauka na maji yakibaki mahali pachache. Mwaka 1871 Stanley, akimtafuta Livingstone, alivuka Mkata wakati wa masika, akaona taabu kubwa ya matope na maradhi. Udongo ule mweusi haujabadilika tabia.

Nguo ziwe za rangi ya majani makavu. Tuliacha shati la buluu na kanzu nyeusi, kwani mbungʼo hupenda rangi hizo, nao ndio wachukuao malale. Maji ni lita nne au tano kwa kila mtu kwa siku. Visu viwili, jiwe la kunolea, kamba, magunia safi, dawa ya jeraha. Tena mnyama akutwaye amekufa mwenyewe asiguswe kabisa, hata akionekana mnono, kwa sababu kimeta huua watu pia.

Mpaka sasa tumepata wachukuzi kumi na mmoja, wote ndugu na jirani, nao wamekwisha kuanza kugawana paja kwa maneno. Chumvi tumenunua. Maombi ya kibali tumekwisha kuyapeleka, twangoja jibu. Na mzee amesema asiondoke mtu nyumbani kabla hati haijatiwa mfukoni.