Kabla ya Kuongeza, Rudisha

Kazi yangu yote ya ufundi nimeifanyia Volkswagen Golf, hasa ile ya kizazi cha pili iliyoanza kutengenezwa 1983, nayo imenijengea msimamo usiowapendeza wateja wengi: gari lisilovuta lisiongezwe kitu kabla halijarudishiwa nguvu lililotoka nayo kiwandani. Injini yake ya lita 1.6 yenye kabureta ilitoka na nguvu za farasi zipatazo 75. Ikizeeka, mwizi wa kwanza huwa ni kikalio cha mpira kilicho chini ya kabureta. Kwa juu kinaonekana kizima; kitoe, kipinde kwa vidole, na nyufa zitafunguka upande wa chini. Hapo ndipo injini inapovuta hewa ya wizi, petroli ikawa haitoshi, gari likasitasita kila unapokanyaga mafuta. Jumlisha taimingi iliyochelewa na valvu zisizofunga sawasawa. Nairobi, kwenye mita karibu 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi peke yake huinyima injini isiyo na tabo kama moja ya sita ya nguvu iliyo nayo Mombasa. Injini ya hivyo haina cha kupoteza tena.

Vijana hunijibu kwamba dawa ni ekzosi pana na filta ya wazi. Kinachoongezeka hapo zaidi ni kelele, kwa sababu kinachoibana injini hii ni udogo wake, kabureta yake na kamshafti yake. Ushahidi ni GTI ya kizazi hichohicho, yenye farasi 112. Upana wa silinda ni milimita 81 kwa zote mbili. Mwendo wa pistoni ndio uliotoka 77.4 ukafika 86.4, na petroli ikaingizwa kwa injekta. Basi anayetaka nguvu kweli, pesa za kununulia vipande vya mapambo azinunulie injini nzima ya 1.8 kutoka gari lililooza bodi. Wapo wanaosema hiyo ni gharama kubwa, tena inadai pampu na mabomba ya petroli yanayohimili presha. Ni kweli, ila vipande vya mapambo navyo hulipiwa, na mlima unabaki palepale.

Nakusihi jambo moja: GTI ilipewa diski za breki hata magurudumu ya nyuma. Ukiihamisha injini yake, hamisha na breki zake.