Vitabu vya Chenji ya Rada

Ndugu yangu unayesema mambo ya silaha ni ya wakubwa na mwananchi wa kawaida hayamhusu, nakuandikia wewe kwanza. Msimamo huo ulikuwa wangu kwa miaka mingi, na niliushika kwa nia njema kabisa. Niliuona ndiyo heshima.

Heshima hiyo niliipata nyumbani. Kaka yangu mkubwa alikuwa mgambo, na mwaka 1978 alikwenda vita vya Kagera. Aliporudi hapa Sanje hakusimulia kitu, na baba alitukataza kumdodosa. Jeshi haliulizwi, alisema. Nikakua hivyo, nikaenda chuo cha ualimu hivyo, nikarudi kufundisha huku chini ya milima ya Udzungwa nikiwa bado hivyo. Katika somo la uraia niliandika ubaoni kwamba Bunge hutunga sheria na kuisimamia Serikali. Siku moja kijana wa darasa la sita, mtoto wa mkulima wa miwa, alinyoosha mkono akauliza kama Bunge linasimamia na ununuzi wa silaha. Nilimwambia akae chini. Akakaa, akaendelea kunakili, na kwenye mtihani alipata swali hilo la kazi za Bunge nikampa alama zake zote.

Ndipo ikaja miaka ile ambayo mwalimu yeyote wa rika langu hawezi kuisahau. Ada ya shule za msingi ilifutwa, na Januari 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM. Watoto walikuja kwa makundi, wengine wakubwa kuliko darasa walilostahili. Tulifurahi, kisha tukaelemewa. Waliokosa dawati walikaa sakafuni, na mstari mzima uligawana kitabu kimoja cha Kiswahili. Aliyekuwa mwisho alikisoma kwa pembeni, shingo imepinda. Wapo niliowafundisha ambao mpaka leo hugeuza kichwa kidogo wanaposoma.

Majira hayo hayo redio ilikuwa inazungumza habari ya rada. Serikali yetu ilikuwa imeagiza rada kutoka kampuni ya Uingereza, BAE Systems, kwa pauni milioni 28. Kwa kuwa rada ile ilihesabiwa kuwa chombo cha kijeshi, haikuweza kutoka Uingereza bila leseni ya serikali yao, na leseni ilitolewa Desemba 2001. Mwezi mmoja kabla, Tanzania ilikuwa imekubaliwa kusamehewa sehemu kubwa ya madeni yake kwa sababu ya umaskini. Benki ya Dunia iliona rada hiyo ni ghali mno na haifai sana kwa kuongoza ndege za abiria. Ndani ya baraza la mawaziri la Uingereza lenyewe kulikuwa na mvutano. Clare Short, waziri wa maendeleo ya kimataifa, alipinga. Waziri Mkuu Tony Blair akaunga mkono, na rada ikaja. Norman Lamb, mbunge wa upinzani, aliendelea kuuliza maswali katika bunge lao, na kamati nne za bunge hilo, zilizokuwa zikikaa pamoja kuchunguza biashara ya silaha, zikataka maelezo kwa mawaziri.

Ofisini kwetu walimu tulibishana. Mwalimu mwenzangu alisema wale wabunge wanatuulizia maswali ambayo yalikuwa yetu. Mimi nilimjibu kwa ukali kwamba Wazungu hawataki Mwafrika aone anga lake. Kwa haki niseme kwamba hoja hiyo bado ina uzito kwangu: nchi huru ina haki ya kujilinda, na haipaswi kuchaguliwa vyombo na waliokuwa watawala wake. Lakini hoja hiyo niliitumia kumnyamazisha mtu. Nilimwambia anachosema kinakaribia usaliti. Hakurudia tena mbele yangu, nami nikadhani nimeilinda nchi.

Miaka ikapita. Tukasikia habari za wakala aliyelipwa mamilioni ya dola kufanikisha biashara ile. Aprili 2008 waziri wa miundombinu, Andrew Chenge, alijiuzulu katikati ya tuhuma zilizohusu rada hiyo. Yeye alizikana, na hakufikishwa mahakamani kwa jambo hilo. Desemba 2010, mbele ya mahakama ya Southwark huko London, BAE ilikiri kosa la kutotunza ipasavyo hesabu za malipo ya wakala yule, ikatozwa faini ya pauni 500,000. Katika makubaliano yake na waendesha mashtaka wa Uingereza, ilikuwa imekubali kulipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania. Hizo ndizo mtaani tulizoziita chenji ya rada.

Chenji yenyewe haikuja kwa urahisi. Kampuni ilivuta miguu, ikawa na mipango yake ya namna ya kuzitoa fedha hizo. Mwaka 2011 ujumbe wa wabunge wetu, ukiongozwa na Job Ndugai ambaye wakati huo alikuwa Naibu Spika, ulikwenda London kuzidai. Kamati ya maendeleo ya kimataifa ya bunge la kule, chini ya Malcolm Bruce, ikawaita wakuu wa kampuni na kuwahoji kwa nini wanachelewa. Mwaka 2012 fedha zikalipwa, na zikaelekezwa kwenye shule za msingi: vitabu, miongozo ya walimu, madawati.

Vitabu vilifika na shuleni kwetu. Nilikaa na wanafunzi mchana mzima tukivijalidi kwa karatasi za mifuko ya saruji, tukikung'uta vumbi la kijivu ili lisiingie kwenye kurasa. Binti mmoja alichukua chake akakifungua katikati, akakiweka usoni akakinusa, kisha akauliza, "Mwalimu, hiki nasoma peke yangu?" Nikamjibu ndiyo. Halafu sikuweza kuendelea na kazi. Nilitoka nje nikasimama upande wa shamba la shule mpaka nilipotulia.

Kilichonishinda ni kwamba vitabu vile sikuvistahili. Vilipatikana kwa sababu kuna watu waliuliza, wa kule na wa kwetu, mwaka hadi mwaka, huku mimi nikimwita muulizaji msaliti. Nilikuwa nimewaombea watoto wangu vitabu kanisani kila Jumapili. Maombi yangu yalijibiwa kwa mikono ya watu niliokuwa nawabeza. Naiita neema, sina jina jingine.

Yule mwalimu mwenzangu alikuwa amekwisha kuhamia Malinyi. Ilinichukua muda mrefu kumpigia simu, maana kila nilipoishika nilipata kisingizio. Nilipompigia nikamwomba radhi, hakunisema. Aliniambia, "Basi mzee mwenzangu, sasa soma walivyokuwa wanauliza." Nikasoma.

Nikajifunza kwamba hata wabunge wa kule hawana nguvu kama nilivyodhani. Leseni hutolewa na mawaziri. Wabunge wa Uingereza huhoji, na mara nyingi huhoji baada ya mambo kuisha. Sheria yao ya mwaka 2002 inamlazimu waziri kulipelekea bunge taarifa kila mwaka. Marekani wamekwenda mbele zaidi: kwa sheria ya 1976, rais hulitaarifu Bunge la nchi hiyo kabla ya mauzo makubwa, nalo linaweza kupiga kura kuyazuia. Lakini mwaka 2019 lilipopiga kura kuzuia silaha za Saudi Arabia, Rais Trump alitumia kura yake ya turufu, na kura za kuipindua hazikutosha. Rada yetu ilinionyesha udhaifu huo pia. Maswali hayakuizuia isije. Yaliacha kumbukumbu iliyoandikwa, na wachunguzi na wadai wa baadaye walikuwa na mahali pa kuanzia.

Sikubadilika kwa siku moja. Mara ya kwanza niliposimama kwenye mkutano mkuu wa kijiji kuomba tusomewe mapato na matumizi, mikono ilinitetemeka na sauti ya baba ilikuwa masikioni. Watu waliguna. Mzee mmoja aliniuliza nimetumwa na nani, maneno yale yale ambayo ningeyasema mimi. Mpaka leo huwa napendelea kunyamaza, na kuna mikutano nimenyamaza.

Kampeni zilizofuata, mgombea ubunge alipopita hapa Sanje, nilipewa nafasi nikamuuliza kama kamati ya Bunge inayosimamia ulinzi huiona mikataba ya ununuzi kabla haijasainiwa, au huletewa hesabu baadaye. Sikutaka siri za jeshi. Nilitaka kujua kama yupo mtu tuliyemchagua ambaye ameiona bei. Alisema ni swali zuri, na kwamba atalifuatilia. Alishinda. Nimemwandikia, na nakala ya barua nimempa diwani wetu aifikishe kwa mkono.