Nimehamia Linux, na laptopu kuukuu inapumua

Wiki hii nimeulizwa swali lile lile mara tatu. Mara ya mwisho ilikuwa ndani ya daladala la Mbagala, tumebanana pale Mtoni kwa Azizi Ali: "Mwandishi, hivi ni kweli umeitoa Windows kwenye laptopu yako?" Ni kweli, nimeitoa. Na kwa kuwa kwenye daladala huwezi kumaliza habari ndefu kabla konda hajasema "shusha", naieleza hapa kwa utaratibu.

Kwanza mumjue mgonjwa mwenyewe. Ni laptopu ya mwaka 2012, kumbukumbu GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 320, na betri ambayo ikinifikisha saa moja na nusu namshukuru Mungu. Nilirithi kwa kaka yangu nikiwa mwaka wa pili chuoni. Imeandika utafiti wangu wa mwisho na, tangu niajiriwe, imeandika kila habari mliyoisoma yenye jina langu. Ila ilikuwa imefika mahali unaiwasha, unakwenda kuoga, unarudi bado inatafakari.

Mpya je? Jamani msinichekeshe. Laptopu mpya ya maana ni mishahara yangu kadhaa, na mwenye nyumba hapokei maelezo badala ya kodi.

Halafu likaja la Oktoba. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida yake. Kuna nyongeza ya mwaka mmoja kwa watumiaji wa nyumbani, hadi Oktoba 2026, basi. Kompyuta haizimiki, lakini matundu mapya ya kiusalama yakigunduliwa hakuna tena wa kuyaziba. Windows 11, iliyotoka 2021, inataka kompyuta yenye kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Laptopu ya 2012 haimo kwenye orodha hiyo. Ni nzima, kibodi inafanya kazi, kioo hakina hata mchirizi, lakini imestaafishwa na watu ambao hawajawahi kuiona.

Sasa kuna watakaosema: si uende Kariakoo, fundi akupigie Windows kwa elfu kumi? Nilikwenda. Fundi ni kijana mstaarabu kabisa. Akaniambia, "Braza, nakuwekea nzima, haitakuuliza ufunguo wala nini." Nikamwuliza, fundi, nani aliyeivunja hadi isiulize? Akacheka. "Hiyo hata mimi sijui. Nimeikuta kwenye flashi." Nikamshukuru, nikabeba mkoba wangu.

Msidhani niliondoka kwa utakatifu. Niliondoka kwa sababu ya vilivyomo ndani. Kwenye laptopu hii kuna sauti za watu. Yupo mama aliyenieleza jinsi kiwanja chake kilivyouzwa mara mbili. Yupo kijana aliyenionyesha hati za kazini kwake kwa sharti kwamba jina lake nisimtajie hata mhariri. Watu hawa waliniamini mimi. Hawakumwamini mtu asiyejulikana aliyevunja programu mahali pasipojulikana, na pengine akaacha upenyo wa kuchungulia. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika nchini, lakini hata isingekuwepo, kijana yule akifukuzwa kazi kwa sababu ya laptopu yangu nitamwambia nini?

Basi nikabaki na njia moja: Linux.

Kwa wasioijua, Linux ni mfumo endeshi, kama Windows ilivyo, yaani programu inayoamsha kompyuta na kuzisimamia programu nyingine zote. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, alianza kuandika kiini chake na kukiweka hadharani. Kikaungana na programu za mradi wa GNU, ulioanzishwa na Mmarekani Richard Stallman mwaka 1983. Ni programu huria: unaitumia bure, unaigawa kwa jirani, ukiwa na ujuzi unaifungua kuona imeshonwaje. Hakuna anayevunja kitu, kwa sababu mlango haukufungwa. Ndiyo maana wataalamu wengi duniani wanaweza kuikagua.

Kuna matoleo mengi. Linalojulikana zaidi ni Ubuntu, lililoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, toleo la kwanza Oktoba 2004. Jina lenyewe ni ndugu wa neno letu "utu". Zamani walikuwa wanatuma CD bure kwa posta hadi huku kwetu, mpaka walipoacha mwaka 2011. Mimi nilichagua Linux Mint, ambayo imejengwa juu ya Ubuntu, kwa sura yake nyepesi iitwayo Xfce, maana laptopu yangu ni mzee, hahitaji mapambo.

Haya, kazi yenyewe. Mwenye haraka asome hapa tu.

Kwanza, nakili kila kitu chako kwenye diski ya nje. Kila kitu. Picha, hati, sauti. Kisha zifungue huko huko ulikonakili uone kama zinafunguka.

Pili, pakua faili la mfumo kutoka tovuti ya Mint yenyewe. Ni karibu GB 3, kwa hiyo mimi nilinunua bando la usiku nikaiacha simu inafanya kazi nikiwa nimelala. Tovuti inatoa namba ndefu ya kuhakiki. Linganisha. Zikipishana hata herufi moja, faili limeharibika au limechezewa, pakua upya.

Tatu, liandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu maalumu kama Rufus au balenaEtcher. Kulikopi tu kama wimbo haisaidii. Na ujue vyote vilivyokuwa kwenye flashi hiyo vitafutika.

Nne, chomeka flashi, washa laptopu huku ukigonga kitufe cha kuchagua pa kuwakia. Kwa wengine ni F12, kwa wengine F2 au Esc. Linux itawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Hapa ndipo nilipoipenda: unaionja kwanza. Jaribu sauti, kibodi, kamera, waifai. Usiporidhika unazima, unachomoa, Windows yako iko pale pale.

Kwangu kila kitu kilikubali isipokuwa waifai. Jasho likanitoka kidogo. Dawa ikawa simu: niliichomeka kwa waya wa USB, nikaigeuza modemu, Mint ikapata intaneti. Baada ya kusimika, nikafungua sehemu ya viendeshi vya vifaa, mashine ikatambua inachokosa na kukipakua yenyewe.

Tano, kusimika kwenyewe. Utaulizwa kama unataka kuiweka kando ya Windows au kufuta diski yote. Mwenye wasiwasi achague kando. Mimi nilifuta, na nikaweka alama kwenye kisanduku cha kusimba diski nzima. Maana yake, kibaka akiichukua laptopu usiku pale stendi, atapata chuma tu. Bila nywila, sauti za wale watu hazisomeki. Nywila hiyo ukiisahau hakuna fundi wa kukuokoa, kwa hiyo iwe ndefu na unayoikumbuka. Na chaja iwe imechomekwa muda wote, mnajua umeme wetu wa jioni.

Kazi nzima ilichukua kama dakika arobaini. Sasa laptopu inawaka, naandika, nasikiliza mahojiano, natuma kwa mhariri. Siku nitakapopata fedha nitabadilisha hiyo diski ya kuzunguka niweke SSD ndogo. Kila anayejua kompyuta ameniambia hiyo ndiyo dawa ya pili ya mashine kongwe.

Nisiwadanganye lakini. Photoshop na InDesign hazina toleo la Linux, kwa hiyo mbunifu wa kurasa asihame kwa kunisikiliza mimi. Hati za Word zinafunguka ndani ya LibreOffice, ila zenye majedwali mengi wakati mwingine hupinda. Na ukikwama, mafundi wengi wa mtaani watakutazama kama umewaletea ndege ya kivita. Itabidi usome mwenyewe.

Kuna jambo limenifurahisha na kuniuma kwa pamoja. Ndani ya LibreOffice nimeweka kamusi ya tahajia ya Kiswahili, kazi iliyotokana na juhudi za Jason Githeko wa Chuo Kikuu cha Egerton, Kenya. Nikiandika "serekali" inanipigia mstari mwekundu. Mwaka 2004, hapa hapa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ukishirikiana na wataalamu wa Sweden ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. LibreOffice ni mtoto wa OpenOffice hiyo, walitengana mwaka 2010. Watu walikaa chini wakabishana juu ya kila neno, maana kila kitufe kilihitaji jina.

Zaidi ya miaka 20 baadaye nikachagua Kiswahili kwenye Mint yangu. Maneno machache yakabadilika, mengine mengi yakabaki Kiingereza. Sikumlaumu mtu wa ng'ambo. Kwenye programu huria tafsiri haisubiri ruhusa ya kampuni, inasubiri mtu akae afanye. Wahitimu wa Kiswahili tumejaa mjini, nikiwemo, na wengine wanatafuta kazi ya kuandika kwenye wasifu wao. Mimi nimeanza: maneno kumi kila Jumapili baada ya chai. Mpaka sasa neno lililonisumbua zaidi ni lile la kuambiwa kompyuta "ilale". Je, isinzie, ipumzike au ilale? Mama mwenye duka hapa jirani, nilipomwuliza, alinijibu bila kuinua macho kwenye sukari anayopima: "Mwanangu, kama inaamka, basi ililala."

Nimeandika ilale.

Mwenye laptopu iliyostaafishwa chini ya kitanda asiiuze kwa bei ya vyuma chakavu. Flashi yenye Mint ninayo, njoo Mtoni Jumamosi, soda juu yako. Bando linakata, tutaonana.