Njia ya Wamaza

Mwezi huu funga viatu vyako vizuri, maana tunakwenda Wamaza. Ukitoka Kasongo kuelekea Kabambare, usiulize utafika saa ngapi. Wakati wa mvua pikipiki inakwama, unashuka, unasukuma, unapanda tena. Pembeni wanapita watu wa baiskeli na magunia yao ya mchele na bidoni za mawese. Vijana wengi unaokutana nao wanakwenda mbele zaidi, kwenye mashimo ya dhahabu ya upande wa Namoya na Salamabila.

Mmoja alipumzika nasi chini ya mwembe, beleshi begani. Tukamwuliza habari za sala. Akacheka: “Baba, huku hakuna mutu wa kutufundisha. Kama Mungu anapenda nikuwe muzuri, atanigeuza Yeye mwenyewe.”

Nilitaka kumjibu mara moja. Lakini Biblia yangu ilikuwa ndani ya mfuko tangu Kasongo, siku tatu, sijaifungua. Wewe ungesema nini?

Basi nikamsimulia juu ya mgeni aliyefika nchi hii zamani. Mwaka 1869 David Livingstone, mmisionari wa Scotland, aliingia Bambarre, ndiyo Kabambare ya leo. Mwaka 1870 miguu yake ilishikwa na vidonda vibaya, akalala nyumbani karibu siku 80. Hakuwa na kanisa wala mchungaji wa kumwamsha. Yeye mwenyewe aliandika kwamba alipokuwa Maniema alisoma Biblia nzima mara nne. Usidhani alikuwa malaika: alichukia biashara ya watumwa, lakini alisafiri na kula pamoja na wafanyabiashara hao hao. Na kusoma hakukuponya miguu.

Paulo aliwaandikia Wafilipi juu ya jambo hili, sura ya 2, mstari wa 12 na 13. Mmoja unatutuma kufanya kazi ya wokovu wetu, wa pili unasema Mungu ndiye anayefanya kazi ndani yetu. Kijana wetu alishika ule wa pili tu. Wengine kati yetu wanashika ule wa kwanza tu, wanahesabu sala kama watu wanaolipa deni.

Nikamwuliza: “Dhahabu, nani aliiweka ndani ya mchanga?”

“Mungu.”

“Na inatoka yenyewe?”

Akatikisa kichwa. Yeye anajua kuliko mimi: dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, inalala chini kabisa, na mtu anazungusha karai mpaka mgongo unauma ndipo aione.

Akanyamaza kidogo. “Mara ine? Biblia yote?”

“Yote.”

“Na miguu ilikuwa inauma?”

“Ilikuwa inauma.”

Akaweka beleshi chini. “Basi, Baba, unisomee kidogo mbele niende.”

Nikafungua mfuko. Mvua ilikuwa imeingia, kurasa zimeshikana. Ikabidi tuzitenganishe moja moja, yeye na mimi.