Mkasi kwa Nywele Nyembamba: Shajara ya Bokoli

Jumatatu, 6 Januari 2025

Shule zimefunguliwa leo na saluni imepata kupumua. Juma lililopita lilikuwa la kufumua rasta za Krismasi, na kufumua huko ndiko kulikonifanya nianze daftari hili. Kila Januari wananijia wanawake wale wale wenye nywele nyembamba, na kila Januari nakuta panja zimerudi nyuma zaidi. Desemba walisukwa rasta za kufika kiunoni, nzito, zimekazwa tangu mizizini. Wakasafiri nazo, wakalala nazo, wakaenda nazo harusini na matangani. Sasa rasta zimetoka, na nywele zao wenyewe zimetoka nazo. Upara huu wa kuvutwa madaktari wa ngozi wanaujua vizuri: ukiuwahi mapema nywele hurudi, lakini ukiendelea kukaza miaka nenda miaka rudi, shina hufa na pale hapaoti tena.

Nataka kuandika humu ninayoyaona kwenye vichwa vya namna hii, na hasa kuhusu mkato mfupi wa bob, kwa sababu nauamini.

Kwanza nitenganishe mambo mawili ambayo wateja huyachanganya. Wembamba ni habari ya unywele mmoja mmoja. Uchache ni habari ya kichwa kizima. Kuna mwenye unywele mwembamba ajabu lakini kichwa kimejaa, na kuna mwenye nywele nene, moja huku nyingine kule. Kipimo changu hakihitaji mashine. Nachukua unywele ulioanguka kwenye chanuo, nauviringisha kati ya kidole gumba na cha shahada. Nisipousikia, huo ni mwembamba. Unywele wa namna hiyo una kipenyo cha kama milimita 0.05, na mnene huweza kufika 0.1, yaani maradufu. Watu hudhani nywele za Mwafrika zote ni nene kwa kuwa zimejikunja na kusimama pamoja. Huku Bokoli nimewashika wengi wenye nywele laini hivi, na karibu wote wameambiwa tangu usichana kwamba dawa yake ni kuongeza nywele za dukani.

Alhamisi, 16 Januari

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, wa upande wa Misikhu, alikuja jioni amejifunga kitambaa.

"Dada, nisuke tena, lakini usinikazie hapa mbele, panauma."

"Mwalimu, leo tusiongeze kitu. Leo tukate."

"Nikikata si nitabaki bila kitu?"

Nilimpa kioo cha mkono aone nyuma. Nywele zake zilikuwa zimefika mabegani, lakini kuanzia shingoni kwenda chini zilikuwa zimekonda kama ufagio uliochakaa. Urefu ule ulikuwa wa zile chache zilizosalimika. Wenzao walikatika njiani. Nikamwonyesha mahali ambapo nywele zote bado zipo pamoja: chini kidogo ya sikio. Pale ndipo penye unene wake wa kweli.

Naandika kazi nzima ili mwanafunzi wangu asome baadaye. Nilimwosha, nikapaka kondishona nchani tu, maana mizizi ya nywele nyembamba ikinona hulala chini siku hiyo hiyo. Nikakausha huku chanuo likivuta taratibu, kisha pasi ya nywele mara moja tu kila sehemu. Nikagawa kichwa mara nne, nikaanzia kisogoni, mteja ameinamisha kichwa. Mstari wa kwanza ndio kiongozi. Kila tabaka lililofuata nililishusha juu ya mstari ule na kulikata sawasawa, butu, bila kuinua nywele mkononi. Ukiinua unatengeneza ngazi, na ngazi nyingi kwenye nywele nyembamba huiba unene wa chini, ambao ndio jicho linautazama. Mkasi wenye meno siugusi kabisa kwenye kichwa kama hiki. Mkasi huo uliundwa kupunguza, na hapa hakuna cha kupunguza.

Nyuma nikaacha fupi, mstari ukaishia pale shingo inapoanzia. Mbele nikaushusha hadi usawa wa taya. Mwisho nikabadilisha njia: alikuwa amezoea kuipasua katikati tangu shule, nikaihamishia kushoto. Mizizi iliyolala upande mmoja kwa miaka husimama ikipelekwa upande mwingine, na juu pakajaa bila dawa wala povu.

Mwalimu alijishika kisogo kwa viganja viwili. "Kumbe ninazo," akasema. Ninazo! Sikuwa nimemwongezea hata unywele mmoja.

Jumapili, 2 Februari

Baada ya ibada mwanafunzi wangu ameniuliza mkato huu umetoka wapi. Nimemweleza ninayoyajua. Mwaka 1909 msusi wa Paris aliyeitwa Antoine, Mpolandi ambaye jina lake la kuzaliwa ni Antoni Cierplikowski, aliwakata wanawake nywele fupi akisema amemwiga Joan of Arc. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mkato ukaenea Ulaya na Marekani, wazazi wakilia na wahubiri wakikemea, kwa sababu mwanamke aliyekata nywele alionekana amekata na utii.

Lakini mtu ninayemsomea kwa bidii ni Vidal Sassoon wa London. Kabla yake mwanamke wa Uingereza alikwenda saluni kila juma kuviringwa rola na kukaa chini ya draya, kisha hakuthubutu kulalia kichwa vibaya. Sassoon aliona kwamba mkasi ukifuata vizuri mfupa wa kichwa na jinsi nywele zinavyoanguka, mwanamke ataosha, atatikisa kichwa, na mkato utarudi mahali pake wenyewe. Mwaka 1963 alimkata bob mbunifu wa mavazi Mary Quant, na mwaka huo huo mwigizaji Nancy Kwan, na picha za Kwan zikazunguka dunia.

Sisi nywele zetu haziangushwi na uzito wake. Zinajikunja na kurudi juu. Zikilowa, za sentimita 20 huweza kuonekana za 10 au chini ya hapo. Kwa hiyo hatuwezi kuunakili mkono wa Sassoon, lakini kanuni yake inatufaa sana: kazi iwe kwenye mkato, isiwe kwenye vitu vya kupachika. Nami naongeza kanuni ya kwetu. Kata nywele zikiwa katika hali ambayo mteja atazivaa. Anayezinyoosha, zikatwe zimenyooshwa. Anayezivaa zimejikunja, zikatwe kavu, zimejikunja, kikunjo kwa kikunjo, la sivyo bob ya kufika taya itaamkia juu ya masikio.

Naweka na hili. Nchini Tanzania, kuanzia 1 Januari 1969, vijana wa chama cha TANU waliendesha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi na wigi, na wanawake wakanyanyaswa barabarani kwa ajili ya vichwa vyao. Sitaki kamwe ushauri wangu ufanane na hilo. Mteja akitaka wigi nitamtengenezea wigi, na wigi ya bob ni nyepesi kuliko ndefu na haivuti panja. Ninachotaka ni ajue kuna njia nyingine kabla hajalipa.

Ijumaa, 14 Februari

Umeme ulikatika saa nne asubuhi, siku ya wapendanao, benchi limejaa. Pasi na draya vyote baridi. Kukhu mmoja, bibi aliyemleta mjukuu wake, aliniangalia nikihangaika na simu, akasema, "Sisi tulinyoosha kwa uzi."

Akanitoa aibu mbele ya watu wote, na nilimshukuru. Uzi! Nilisukwa hivyo utotoni, na mama zetu wana picha za miaka ya sabini vichwa vimejaa vijiti vyeusi vya uzi. Nilimtuma msichana dukani akaleta uzi mweusi wa kusukia. Unashika fungu dogo la nywele zenye unyevu kidogo na mafuta mepesi, unazungusha uzi kutoka shinani hadi nchani, duara moja likigusa jingine, umekaza kiasi cha kushika tu, si cha kuvuta ngozi. Mjukuu wa kukhu amerudi nao nyumbani, atalala nao, kesho asubuhi nitaufungua na kumkata.

Moto ndio adui mkubwa wa unywele mwembamba, kwa sababu ndani yake hamna akiba. Pasi nyingi za sokoni hupita nyuzi joto 200. Mimi kwa nywele hizi siivushi 150, na mara moja kwa juma inatosha. Uzi haujui moto wala bili ya umeme. Mtu mwenye bob ya kunyooshwa anaweza kuzungusha mafungu manane au kumi kabla ya kulala, afunge kitambaa cha satini juu yake, na asubuhi akafungua nywele zilizonyooka na mizizi iliyosimama. Akitaka ncha ziingie ndani, azungushe nusu ya chini kwenye rola kubwa badala ya uzi.

Jumamosi, 15 Februari

Nimemkata mjukuu bob. Imetoka safi kuliko ya pasi, ina mwili. Kukhu amekuja kuhakikisha.

Jumanne, 11 Machi

Vumbi la kiangazi bado, mvua ziko karibu. Leo mama mmoja, mtoto wake wa miezi minne mgongoni, alikuja akilia. Nywele zinatoka kwa vishada akioga. Amepewa kila jina: amerogwa, amekosa damu, amekula vibaya. Nikamkalisha. Wakati wa mimba nywele nyingi huchelewa kuanguka, ndiyo maana mjamzito hupendeza kichwa. Baada ya kuzaa, kama mwezi wa tatu hivi, zile zilizochelewa huanguka pamoja. Kwa kawaida hukoma na kujaza zenyewe kabla mwaka haujaisha. Nilimwambia pia kwamba zikizidi mwaka, au akiona mabaka matupu, aende hospitali, si kwangu.

Alitaka dawa ya kunyoosha ili "zilale." Nilikataa. Dawa hizo, ziwe za sodiamu haidroksaidi au zile za kalsiamu zinazoitwa za upole, huvunja viungo vinavyoushikilia unywele. Unywele mnene hustahimili. Mwembamba uliochoka baada ya uzazi hukatika. Na kuna jambo zito zaidi. Oktoba 2022 watafiti wa serikali ya Marekani walichapisha matokeo ya kufuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Walioripoti kunyoosha kwa dawa zaidi ya mara nne katika mwaka mmoja walipata saratani ya mfuko wa uzazi kwa kiwango cha zaidi ya maradufu ya wasiotumia. Watafiti wenyewe hawakusema wamethibitisha kuwa dawa ndiyo chanzo. Kwangu inatosha kunifanya niseme kwa sauti kila mteja anapoketi, kisha aamue mwenyewe.

Mama huyu nilimkata bob fupi ya kugusa ncha ya sikio, na mbele nikaacha ushungi mwepesi wa kufunika panja zilizopungua. Ushungi usiwe mzito: ukichukua nywele nyingi mbele, utosi unabaki wazi. Alitoka hajafunga kitambaa.

Jumatano, 26 Machi

Mvua imeanza. Nimekinga maji ya paa. Povu la shampuu linaitika vizuri kuliko kwa maji ya kisima.

Alikuja mjane. Alinyolewa siku ya lubeko, siku ya tatu baada ya mazishi, kama desturi yetu Wabukusu. Nywele zimeota, anataka kurudi kanisani na "bob kama ya zamani." Nilimweleza kwa upole. Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, zetu mara nyingi chini kidogo. Kutoka utosini hadi taya ni safari ya miaka miwili au zaidi. Hakuna mafuta ya kopo yanayofupisha safari hiyo, na anayemuuzia anayosema yanafupisha anamdanganya mfiwa.

Kilichowezekana ni umbo. Nikapunguza kisogo na pembeni, juu nikaacha zote, ili miezi ijayo za juu zikirefuka zikute nyuma safi. Kila majuma nane nitanyoosha mstari wa nyuma, bila malipo. Bob hujengwa hivyo, kutoka nyuma kwenda mbele, na kila hatua ina sura yake ya heshima.

Jumamosi, 19 Aprili

Kesho Pasaka. Saluni imefungwa saa tatu usiku. Wawili kati ya waliotaka rasta ndefu niliwashawishi wasukwe za bob, za kugusa shingo: uzito mdogo, zisikazwe mizizini, zikae majuma sita kisha zitoke. Mwalimu wa Januari alirudi kunyooshewa mstari, na panja zake zina vinyweleo vipya.

Mwanafunzi wangu anajiandaa kwa mtihani wa ufundi wa NITA, wa daraja la tatu. Anasuka vizuri, anashonea vizuri, mkasi anauogopa. Saluni nyingi kutoka hapa hadi Kitale zinafundisha hivyo: sindano kwanza, mkasi baadaye au kamwe. Naona tumekosea mpangilio. Mwenye nywele nyembamba anahitaji msusi anayejua kukata mstari ulionyooka kuliko msusi mwenye mafungu mengi ya nywele ukutani. Kuanzia Mei, yeyote atakayejifunza kwangu ataanza na mkasi, chanuo na uzi mweusi, na hatagusa nywele za kuongeza mpaka aweze kukata bob butu kisogoni bila mimi kusahihisha.